Nani Kakata Rejista?

Mkono ulioshuka begani kwa Fina haukuwa wa mzimu, wala wa polisi. Ulikuwa wa Mama Tekla, mfagiaji wa shule, na ulikuwa unachuruzika maji ya sabuni.

"We Fina! Nimekuita mara tatu. Umeziba masikio?"

Fina alipiga ukelele uliowarusha njiwa wote darini. Kisha akakaa juu ya kasha la chaki, rejista imemlalia mapajani, akaonyesha kwa kidole.

Ninyi mliosoma mnajua alichokuwa akionyesha. Na wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa samaki, sogea hapa nikwambie upesi. Yosefina Sare ni karani wa Shule ya Msingi Detumanu, na ndiye mtunza rejista. Silvester Wangge anagombea ukuu wa kijiji. Cheti chake cha darasa la sita kililiwa na mchwa. Kamati ya uchaguzi imesema bila barua ya shule kuthibitisha kwamba alimaliza, jina lake halipandi kwenye karatasi ya kura. Mwisho wa kuipokea barua hiyo ni leo, saa sita mchana.

Barua kama hiyo huandikwa kwa kutazama rejista ya uandikishaji. Silvester ni namba 417. Na Fina alipoifungua ile rejista ya zamani, 417 haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, vizuri mno.

"Yesu na Maria," Mama Tekla alisema. "Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi."

"Wewe tu?"

"Mimi na Mwalimu Mkuu."

Wakatazamana.

Mwalimu Mkuu Gregorius Mbete ni shemeji yake Elias Ndoki. Na Elias Ndoki ndiye mkuu wa kijiji wa sasa, ambaye hana hamu hata kidogo ya kuitwa mkuu wa zamani.

"Si nilisema!" Mama Tekla alikamua dekio kama anayekamua shingo ya mtu. "Nenda kamuulize. Mimi nakaa mlangoni na ndoo yangu."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mwalimu Mkuu alikuwa anakula ndizi za kukaanga kwa pilipili. Fina hakusubiri kukaribishwa.

"Mwalimu, samahani. Karatasi ya 417 imekatwa."

Mzee alitafuna. Akameza. Akapangusa vidole, kimoja baada ya kingine.

"Imekatwa na nani?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Unaniuliza mimi? Mtunza rejista ni mimi au wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Basi jibu unalo wewe. Na mimi itabidi niandike wilayani kwamba karani wangu amepoteza kumbukumbu ya serikali." Alisema hivyo akiitazama sahani. "Tena wiki ijayo wanakuja wale vijana wa kompyuta kupiga picha rejista zote. Wakikuta pengo, tutawaambia nini?"

"Na barua ya Silvester?"

"Barua inatoka kwenye rejista. Rejista haina mtu huyo. Unataka nimthibitishe mzuka?"

Fina alitoka. Miaka minane ya kazi, tangu alipofiwa na mume, na hajawahi kupoteza hata orodha ya wagonjwa wa mafua. Leo aitwe mpoteza kumbukumbu!

Lakini kuna jambo lilimkera njia nzima ya barazani. Yule mzee hugomba hata kwa kipande cha chaki kilichovunjika. Leo ameambiwa rejista imekatwa, na hakuomba aione. Mtu akiambiwa nyumba yake inaungua hukimbia kwenda kuitazama. Huyu ameendelea na ndizi.

Kabla hajalifikiri jambo hilo hadi mwisho, pikipiki iliunguruma uwanjani.

Silvester Wangge ana miaka sitini na minne. Ni mgane, mkulima wa karafuu, mcheshi, na siku hiyo shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kofia yake ngumu ya pikipiki alikuwa ameijaza maparachichi.

"Bi. Karani! Nimekuletea maparachichi. Barua yangu imeiva, au haya ndiyo yaive kwanza?"

"Kaka Silvester, kaa chini."

"Nikikaa suruali itakunjamana. Naenda mbele ya kamati, mama."

"Kaa."

Akakaa. Fina akamweleza. Silvester akacheka, akidhani ni utani. Akaendelea kucheka kidogo kidogo, kama injini inayoishiwa mafuta, mpaka akanyamaza.

"Lakini mimi nimesoma hapa! Baba yako mwenyewe, Mwalimu Lambertus, Mungu amrehemu, alinichapa hapa, tazama. Kovu hili."

"Kovu halina namba ya uandikishaji."

"Basi aulizwe Goris! Mwalimu Mkuu wako huyo. Tulikaa dawati moja. Nilikuwa namwazima kalamu, ananirudishia imetafunwa."

"Kamati haitaki maneno ya mtu. Inataka maandishi."

"Basi nimekwisha," Silvester alisema, na kwa mara ya kwanza Fina aliona kwamba amezeeka. "Miezi minne nimepanda na kushuka milima hii. Watu wa bondeni wanateka maji kwa saa mbili, Fina. Niliwaahidi bomba. Nikawaambie nimeshindwa kwa sababu ya wembe?"

Fina alikuwa anafikiri.

Shule haimwandiki mtoto mara moja tu. Humwandika anapoingia. Humwandika kila asubuhi anapoitika jina. Humwandika anapotoka. Mwenye wembe alikata kitabu kimoja. Je, vile vingine alivikumbuka?

"Vua hilo shati," alisema.

"Nini?"

"Tunaingia stoo. Litachafuka."

Stoo ya Detumanu iko nyuma ya jiko la zamani. Madawati mabovu yamepandana mpaka kwenye bati, na nyuma yake kuna magunia ya kahawa yaliyojaa madaftari tangu enzi za mapadri. Mende walikuwa wanene. Silvester, kifua wazi, alibeba madawati. Fina alifungua magunia.

"Sabini na nane. Sabini na tisa. Siyo hili."

"Hapa pameandikwa themanini na… nani huyu kachora mbuzi?"

"Acha mbuzi, Kaka. Tafuta sabini na mbili."

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Mama Tekla alichungulia, akamwona mgombea kifua wazi, akajifunika macho kwa dekio, akaondoka akicheka.

Saa tano kasoro robo, Fina alipiga kelele.

Daftari la kupokelea vyeti, mwaka 1972. Mstari wa kumi na mbili: Silvester Wangge, namba ya uandikishaji 417, amefaulu, amepokea. Na pembeni, kwa wino wa bluu uliopauka, alama za vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kama ilivyo desturi ya vyeti vyetu mpaka leo.

Silvester aliweka vidole vyake juu ya vile vya mtoto. Vikavifunika kabisa.

"Vimenenepa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni wewe. Umethibitika. Nitaandika barua sasa hivi, na Mwalimu Mkuu atatia saini, apende asipende."

Alikuwa anafunga daftari. Hakulifunga.

Jicho lake lilikuwa limeteremka mstari mmoja.

"Kaka," alisema polepole. "Karatasi moja ya rejista ina kurasa ngapi?"

"Aa, mimi nijuaje? Mbele na nyuma. Mbili."

"Na kila ukurasa una mtoto wake mmoja. Mbele 417. Nyuma je?"

"Si 418?"

"Ndiyo. Tangu asubuhi tunakulilia wewe, 417. Lakini rejista inatoka 416 inarukia 419! Watoto wawili wameondoka na wembe ule. Kumbe aliyekata hakuwa na haja na wewe hata kidogo!"

Akamgeuzia daftari. Mstari wa kumi na tatu: namba 418. Gregorius Mbete.

"Goris?" Silvester alikuna kichwa. "Ajikate mwenyewe? Ili iweje?"

Fina alikuwa ameshapiga magoti kwenye gunia la chini. Daftari la mahudhurio la darasa la kwanza, 1967, lilitoka likiwa limekatika jalada. Kando ya kila jina palikuwa na mwaka wa kuzaliwa, ule ule unaoandikwa kwenye rejista. 417, alizaliwa 1960. 418, alizaliwa 1960.

"Faili lake la kazi ninalo mimi kabatini," Fina alisema. "Nalijua kwa moyo. Limeandikwa amezaliwa 1965. Ndiyo maana anastaafu mwakani, akitimiza sitini."

Silvester alihesabu kwa vidole. Akarudia.

"Sitini na tano mpaka sitini na saba… Goris aliingia darasa la kwanza ana miaka miwili?"

"Na akatafuna kalamu yako."

"Ndiyo maana aliitafuna! Alikuwa anaota meno!"

Walicheka mpaka Silvester akashika dawati asianguke. Mama Tekla akagonga ukuta kwa nje. "Nyie watu wazima! Shule hii ina watoto!"

Kisha Silvester akachukua shati lake, na macho yake yakawa makali.

"Tumempata. Twende tumwambie: tia saini, la sivyo daftari hili linashuka wilayani leo hii."

"Hapana."

"Fina, saa tano hii!"

"Nimesema hapana. Nikitumia rejista kumtisha mtu leo, kesho nitaitumia kukuficha wewe ukiwa mkuu wa kijiji. Utapata barua yako kwa sababu ulimaliza shule. Siyo kwa sababu mwenzako ana siri. Nisubiri nje, na huo mdomo uufunge."

Silvester alifunga vifungo vya shati, akatoka.

Fina aliingia peke yake ofisini. Aliweka madaftari mawili juu ya meza, moja juu ya jingine, yamefunguliwa. Pembeni akaweka barua aliyokwisha kuiandika.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani. Alisoma. Darasa la pili walikuwa wanaimba jedwali la tatu, wakakosea, wakaanza upya.

"Umemwambia nani?"

"Silvester alikuwepo."

"Basi kijiji kizima kinajua."

"Nimemwambia afunge mdomo."

"Silvester? Tangu darasa la kwanza hajawahi kuufunga." Mzee alivua miwani. "Sikumfikiria yeye, Fina. Naapa. Wala Elias hakunituma. Niliposikia wale vijana wa kompyuta wanakuja, sikulala siku tatu. Mashine, mwanangu, itahesabu yale ambayo watu wamekuwa na adabu ya kutoyahesabu."

"Kwa nini, Mwalimu? Ni kazi tu. Watu wanastaafu."

"Wewe una mama nyumbani. Mimi tangu mke wangu Martina afe nina nani? Nyumba ninayolala ni ya shule. Siku ya kustaafu natoa ufunguo. Niende wapi? Kwa shemeji Elias, nikalishe nguruwe wake na kusikiliza hotuba zake?"

Fina alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Karatasi iko wapi? Umeichoma?"

Swali lile lilimuuma mzee kuliko yote. Alinyanyuka.

"Nimefundisha miaka arobaini! Umri naweza kudanganya. Kuchoma rejista, mimi?"

Alifungua kitabu chake cha sala. Karatasi ilikuwa humo, imenyooka, haina hata kunyanzi. Aliiweka mezani. Kisha akavuta barua ya Silvester, akaisoma neno kwa neno kama anayesahihisha insha, akaongeza koma moja, akatia saini. Akaupulizia muhuri, akaugonga.

"Mpe. Alikuwa na hesabu nzuri, yule mpumbavu."

"Ahsante, Mwalimu."

"Na mimi?" Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Utanifanyaje? Mwaka mmoja tu, Fina. Ubandike karatasi yako, wale vijana uwaambie kitabu hiki kimelowa, hakipigiki picha. Mwaka mmoja."

Hapo, msomaji, Fina aliyumba. Huyu ndiye aliyemfundisha a, e, i, o, u. Huyu ndiye aliyemtafutia kazi hii wiki mbili baada ya mazishi ya mumewe, bila kuombwa. Midomo yake ilifunguka iseme ndiyo.

"Mwalimu," alisema, "herufi ulinifundisha wewe. Usiniombe niziandikie uongo."

Darasa la pili walifika tatu mara kumi, safari hii bila kukosea.

Mwalimu Mkuu alikaa. Alivuta karatasi nyeupe, akainyoosha kwa kiganja, akaandika juu jina la ofisi ya elimu ya wilaya kwa ule mwandiko wake mzuri ambao kijiji kizima huuiga.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na saba."

"Haya. Angalau hii niiandike ya kweli."

Fina alifika mlangoni, akarudi. "Nyumba ya mama ina chumba cha uani, Mwalimu. Kimejaa mahindi tu. Na mama anatafuta mtu wa kubishana naye redio ikiwaka."

Mzee hakuinua kichwa. Lakini kalamu ilisimama.

Nje, Silvester alikuwa ameshawasha pikipiki. Fina alimpa barua. Aliisoma, akaipiga busu, akaiweka ndani ya shati. Saa sita kasoro dakika kumi na tano, na ofisi ya kijiji iko ng'ambo ya mlima mmoja tu. Lakini hakuondoka.

"Fina."

"Nenda, utachelewa!"

"Jumapili nakuja kwenu na mjomba wangu. Usiniulize tunakuja kufanya nini."

Uso wa Fina ulipata moto. Miaka minane. Alidhani moyo wake umeshawekwa stoo na madaftari mengine.

"Njooni mapema," alisema. "Mama hapendi wageni wa jua kali."

Pikipiki iliruka kama imechomwa mwiba. Mama Tekla alitokea nyuma ya nguzo na ndoo yake.

"Nimesikia. Hata ndoo imesikia. Shikamoo, mke wa mkuu wa kijiji!"

"Mama Tekla, kafagie!"

Fina aliingia chumba cha rejista akiimba. Alikoroga uji mzito wa wanga wa muhogo, gundi ambayo marehemu baba yake aliitumia, akapaka ukingo wa karatasi kwa unyoya wa kuku. Akaibandika mahali pake, 416, 417, 418, 419. Akaigandamiza kwa rula ya mbao. Kazi safi. Vijana wa kompyuta na waje.

Akakaa kusubiri ikauke, na kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya, akausoma ukurasa wa Silvester. Kwa raha tu. Mwanamke anayeposwa ana haki ya kujua aliyemposa alikuwa na uzito gani darasa la kwanza.

Mwandiko ulikuwa wa baba yake. Mwalimu Lambertus Sare mwaka 1967, kijana, herufi zimesimama wima. Jina la mtoto, Silvester. Uzito, kilo kumi na nane. Jina la mama, Regina.

Jina la baba, Petrus Wangge.

Lakini Petrus Wangge alikuwa amebanwa juu, pembeni, kwa herufi ndogo, na wino wake haukuwa ule wa mistari mingine. Chini yake palikuwa na jina jingine, lililoandikwa kwanza. Kosa katika rejista halikwanguliwi. Hupigwa mstari mmoja, ili anayekuja nyuma aweze kusoma kilichokuwepo.

Fina alibeba rejista mpaka dirishani kwenye mwanga. Akasoma. Akapangusa macho kwa upindo wa saruni, akasoma tena.

Huko nje pikipiki ilikuwa inarudi, honi inalia, watoto wanaikimbilia wakishangilia.

"Wamenipokea!" Silvester alikuwa anapiga kelele tangu getini. "Dakika tano kabla ya saa! Fina! Mwambie mama aandae tambuu ya posa! Jumapili ni mbali, nakuja leo!"

Fina hakusikia. Chini ya ule mstari mmoja, kwenye nafasi ya baba wa Silvester, baba yake Fina alikuwa ameandika jina lake mwenyewe: Lambertus Sare.

Mlango uligongwa. Ukagongwa tena.

"Jamani, Fina!" Mama Tekla aliita, akicheka. "Mchumba wako huyu hapa. Mbona humfungulii?"